Inatosha Mama, Rudi

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuwapeleka watu Afrika, na mimi mwenyewe nisitoke Toronto. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Bloor, ghorofani, juu ya duka la miwani, na ukimaliza ngazi ulipokewa na picha ya kiboko anayepiga miayo. Tuliuza safari za kusini mwa Afrika tu: kambi za mahema kwenye mto Luangwa kule Zambia, mitumbwi ya Okavango kule Botswana, na loji ndogondogo za ziwani Malawi. Serengeti hatukuigusa. Mteja akiulizia Serengeti, bosi wangu alikunja uso kana kwamba ametajiwa mke mwenza, kisha akamwelekeza kwa upole ofisi nyingine.

Bosi alikuwa mwanamke mrefu wa kaskazini ya Ontario, aliyefundisha shule Zambia katika ujana wake na hakuacha kuisimulia. Utalii wa kuwajibika kwake ulikuwa dini. Loji ikitaka tuiuze ilibidi ieleze kwanza imeajiri nani, inanunua mboga kwa nani na maji yake machafu yanaishia wapi. Wasafiri nao walikuwa na amri zao: usigawe pipi kwa watoto, usipige picha kabla ya kusalimia, usioge ndoo tatu mahali ambapo wenyeji wanaoga moja. Mimi ndiye niliyewasomea amri hizo, kwa sauti ya nesi wa kliniki ya watoto, na watu wazima wenye mvi walikaa wakaniitikia kwa vichwa.

Kazi niliipata kwa sababu nimezaliwa kando ya ziwa lile lile, ila upande wa Tanzania, Ludewa, pale milima ya Livingstone inaposhuka mpaka majini. Kwetu ziwa linaitwa Nyasa. Kwenye vitabu vya picha vya ofisini liliitwa Malawi. Nilipokea mshahara nikanyamaza. Asiyenyamaza alikuwa mama yangu, lakini yeye alikuwa bado hajafika.

Alifika mwezi wa kumi, miaka ya 2000 ikielekea ukingoni, baada ya baba kufariki. Tulikuwa tunakaa Kingsview Village, kwenye moja ya yale maghorofa marefu ya Dixon, ghorofa ya kumi na nne: mimi, mume wangu na binti yetu aliyekuwa darasa la tatu. Nilitaka mama akae nasi moja kwa moja. Sikuwa na mpango mwingine. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam, na simu zao zina tabia ya kuishiwa chaji pale tu mama anapopiga. Nikamtengea chumba, nikamnunulia koti la baridi na viatu vyenye manyoya ndani. Mama akavitazama vile viatu kwa huruma, kama vile ni wanyama waliochinjwa bila sababu.

"Nimekuja kukusalimia," akasema. "Pasaka ikifika nitajua kama nakaa au narudi."

Basi nikawa nimepewa mpaka Pasaka.

Jumapili hazikuwa na shida, maana kulikuwa na ibada ya Kiswahili na baada ya ibada kulikuwa na chai na maneno ya watu. Shida ilikuwa siku nyingine zote. Mimi na mume wangu tunakwenda kazini, mtoto anakwenda shule, mama anabaki na televisheni isiyomjua. Binti yangu alisikia kila neno la bibi yake na alijibu kila neno kwa Kiingereza. Bibi naye alijibu Kiingereza kile kwa Kiswahili. Walielewana vizuri kuliko mimi na mume wangu, lakini mtoto hurudi kutoka shule jioni, na mchana wa Toronto mwezi wa kwanza, hata kama ni mfupi, kwa mtu asiye na shughuli hauishi.

Mama akahamia dirishani. Uwanja wa ndege uko jirani kabisa na sisi, na ndege hupita chini kiasi kwamba mgeni wa mara ya kwanza huinamisha kichwa. Siku moja, Jumamosi, nikamkuta ameshika tama.

"Wale watu wako unaowauzia ziwa letu," akasema, "wanapanda hapo?"

"Hapo hapo, mama."

"Nani anawasindikiza?"

Nikamwambia kwamba hawasindikizwi. Wanaita teksi, wanafika, wanapanda. Mama akageuka kutoka dirishani.

"Mtu anakwenda mbali kote huko, kwetu, na anatoka hapa kama anakwenda dukani kununua chumvi. Na wewe unamtazama."

Nikajaribu kumweleza kuwa huku mambo ni hivyo. Hakunielewa, au alinielewa akaona aibu kwa niaba yangu.

Kwetu hatuagani mlangoni. Mlangoni ni mahali pa kuvalia viatu. Mwenyeji anachukua mzigo wa mgeni wake, mnatoka pamoja, mnatembea polepole, na yale maneno ya maana yaliyoshindwa kutoka sebuleni ndiyo yanayotoka njiani. Mwenyeji hajui atafika wapi. Anayejua ni mgeni, kwa sababu mgeni ndiye anayesimama na kusema, "Inatosha, rudi, umefika mbali." Hapo mwenyeji anakataa: "Aa, nisogee kidogo." Mnasogea kidogo. Mgeni anasema tena, na sasa mwenyeji anarudi kwake na moyo mweupe. Kurudi kabla hujaambiwa ni sawa na kumfukuza mtu. Kurudi ukiambiwa mara ya kwanza ni uvivu. Haya mambo hakuna aliyenifundisha. Niliyaona tu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja yatanitoa jasho mbele ya askari wa uwanja wa ndege.

Ilikuwa mwezi wa pili. Walimu wawili wastaafu, mke na mume, walikuwa wanakwenda kukaa wiki tatu kwenye loji ya ziwani, Malawi kaskazini. Watu wapole, wa kushukuru kila kitu, hata ukiwapa kalamu. Bosi alikuwa ameshonesha vitambulisho vya mizigo kwa kitambaa cha kitenge, na mimi nikasahau kuwapa vyao. Kwa kuwa nakaa karibu na uwanja, nikasema nitawapelekea huko huko kabla hawajaruka. Nilisema hivyo kwenye simu, jikoni, kwa sauti ya kawaida. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshavaa.

Alivaa kitenge chake cha kanisani na juu yake koti la mume wangu, kwa maelezo kwamba lile nililomnunulia linamziba pumzi. Mkononi alikuwa na kopo la plastiki. Ndani ya kopo kulikuwa na vitumbua, vya moto, alivyovichoma wakati mimi nadhani anachoma vya kwetu.

"Mama, wale watu hawatujui."

"Ndiyo tunakwenda kujuana."

Uwanjani tukawakuta wameshakabidhi masanduku makubwa, wamebaki na mikoba yao ya mkononi. Nikatoa vitambulisho, nikamtambulisha mama, wakamkumbatia. Mama alingoja shikamoo, haikuja, akasamehe. Kisha akaushika mkoba wa yule mke ili ambebee.

Yule mke naye akaushika. Mama akatabasamu akavuta. Yule mke akatabasamu akavuta. Walivutana hivyo kwa heshima zote, meno nje, hakuna anayetaka kuonekana mkorofi, mpaka nikaingilia kati kueleza kuwa kwetu msafiri habebi mzigo mwenyewe kama ana watu. Yule mke akauachia. Lakini alitembea bega kwa bega na mkoba wake, akiuchungulia kila hatua, kama mzazi aliyemkabidhi mwalimu mtoto wa chekechea.

Mama aliongoza mwendo, na mwendo ulikuwa wa kusindikiza. Watu wenye masanduku ya magurudumu walitupita kulia na kushoto. Njiani aliwaambia habari za ziwa, nami nikatafsiri: kwamba asubuhi linatulia na alasiri linachafuka, kwamba upepo wa kusini si wa kufanyia mzaha, na kwamba wakipewa usipa, wale dagaa wa kwetu, wasitoe vichwa maana utamu uko huko. Mwisho tukafika mlango wa ukaguzi, mahali ambapo asiye na tiketi haendi mbele. Tukasimama.

"Imekuwa furaha kubwa kukufahamu," akasema yule mume.

"Asante," akasema mama.

"Furaha kubwa sana," akasema yule mke.

Mama akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea kusimama. Yule mume akatazama saa yake, akaona haya, akashusha mkono. Akasifia vitumbua ambavyo hajavionja. Mama akashukuru. Yule mke akasema, basi. Mama akasema, basi. Hakuna aliyesogea, na wote wanne tulikuwa tunatabasamu mpaka mashavu yakaanza kuuma.

"Hawa wana nini?" mama akaninong'oneza. "Mbona hawaturudishi?"

"Hawajui, mama."

"Hawajui nini? Wanataka niingie nao kwenye ndege?"

Hapo ndipo nikaelewa kuwa wao wanamngoja yeye aondoke na yeye anawangoja wao wamruhusu, na kwamba kwa adabu waliyokuwa nayo pande zote mbili ndege ingeweza kuruka ikatuacha pale. Nikamvuta yule mume pembeni, nikamweleza kwa Kiingereza kwamba inabidi amwambie mama arudi. Akanitolea macho.

"Nimwambie mama yako aondoke?"

"Ndiyo."

"Baada ya kutuletea chakula?"

Nikamwambia tena kuwa hiyo ndiyo heshima yenyewe, nikamfundisha maneno. Alikuwa mwalimu, akayarudia mara mbili kwa midomo bila sauti. Kisha akamkabili mama, amekunja vidole vyake kama anayekwenda kuungama.

"Inatosha, mama," akasema. "Rudi."

Uso wa mama uling'aa. Sijawahi kumwona mtu akifukuzwa akafurahi namna ile.

"Aa, baba," akasema, "nisogee kidogo."

Na akasogea. Akapita utepe wa foleni, na mkoba mkononi, hatua mbili tatu kuelekea kwa askari anayekagua tiketi. Askari akainua kichwa. Yule mume akageuka mweupe zaidi ya alivyozaliwa, akidhani amekosea neno na ametukana. Nikamwambia aseme tena, haraka. Akasema tena, safari hii kwa sauti ya darasani, ile ya kuwanyamazisha watoto thelathini, na watu kwenye foleni wakageuka. Mama akacheka. Akamrudishia mke mkoba wake, akauwekea kiganja juu na kuuombea kidogo, akamkabidhi kopo, akageuka akaja kwangu amenyooka mgongo.

Ndani ya gari aliongea njia nzima. Tangu mwezi wa kumi nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo.

"Watu wazuri," akasema tulipofika kwetu. "Wana adabu. Hawajafunzwa tu."

Siku chache baadaye bosi akaniita, ana karatasi ya barua pepe mkononi. Bosi hakupenda wateja wagandwe. Alikuwa na neno lake la Kiingereza kwa jambo hilo, akalitumia, akaniuliza kama ni kweli mama yangu alishikana mkoba na mteja. Nikasema ni kweli, lakini kwa wema. Akanisomea barua. Yule mke aliandika kutoka loji kwamba amezunguka nchi nyingi na hajawahi kubebewa mzigo na mtu asiyetaka chochote. Kwamba vitumbua viliisha kabla ndege haijaondoka, na mumewe alikula vingi. Na kwamba wakirudi wangependa kujua kama yule mama atakuwepo.

"Atakuwepo?" bosi akaniuliza.

Nikasema hilo ndilo hata mimi nataka kulijua.

Mama akaalikwa kwenye kikao cha wasafiri, kile tulichokifanya kila mwezi pale ofisini, chini ya kiboko. Nilikuwa nasoma amri na yeye ameketi kiti cha mbele akinikagua. Bosi alipoonyesha picha ya ziwa na kulitaja Malawi, mama akainua mkono kama mwanafunzi, akasema, "Nyasa." Bosi akasema ndiyo, wengine huliita hivyo. Mama akasema wengine ndiyo wenyewe. Ikabidi tuendelee na picha zinazofuata.

Picha iliyofuata ilikuwa ya ufukwe wa loji mojawapo, mchanga mweupe na hakuna mtu. Mama akasimama.

"Watu wamepelekwa wapi?"

Mama akaeleza, nami nikatafsiri, kuwa ufukwe wa kwetu hauwi mtupu: kuna wanaofua, kuna wanaoanika dagaa, kuna watoto. Ukiuona mtupu ujue wenyewe wamefukuzwa, na yeye hatawasindikiza watu kwenda mahali pa kufukuzia wenzao. Wasafiri wakatazamana. Bosi, ambaye dini yake ilikuwa imeguswa, akaiandikia loji siku ile ile. Jibu lilikuja kwa adabu kabisa: njia ya kijiji iko wazi, wanawake wanaanika dagaa upande wa pili wa mawe kama zamani, na picha ilipigwa saa saba mchana, kwenye jua kali. Nikamsomea mama.

"Saa saba?" akasema. "Hata mimi saa saba siendi."

Lakini tangu siku hiyo kila loji mpya iliulizwa njia ya wenyeji kwenda majini iko wapi, na bosi aliniambia kwamba ndilo swali alilolipenda kuliko yote.

Na kila walipoondoka watu wa ziwani, mama aliwasindikiza. Bosi alitaka kuliingiza jambo hilo kwenye ratiba, robo tatu ya saa, lianze na kuisha kwa wakati. Mama akakataa katakata. Mgeni hasindikizwi kwa saa, akasema, mwenye haraka ataturudisha mapema. Kwa hiyo kwenye kikao nikaongeza amri moja baada ya ile ya ndoo: jinsi ya kumwambia mama arudi, jinsi ya kumwacha asogee kidogo, jinsi ya kumwambia tena. Watu walifanya mazoezi wawili wawili, wakivunjika mbavu. Wengine walishika haraka. Kulikuwa na daktari wa meno aliyeshindwa kabisa kulisema neno lile mbele ya mama, akatokwa na machozi, ikabidi mkewe amsemee.

Pasaka ikafika. Sikuuliza. Nilijifanya nimesahau, nikapika pilau, nikampa mama kipande kizuri, nikangoja. Ni mume wangu, asiye na simile, aliyeuliza mezani: "Mama, vipi, umeamua?"

"Naondokaje," mama akasema, "na Jumatatu kuna watu wanasafiri?"

Nikaenda jikoni kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Akakaa. Karatasi zake zikaongezwa muda, zikaongezwa tena. Akajua majina ya mabasi, akamjua yule askari wa mlango wa ukaguzi, ambaye naye alikuja kuvijua vitumbua. Miaka ikapita hivyo, mpaka tukaingia ile ya elfu mbili na kumi na kitu, na binti yangu akanipita urefu.

Wale walimu wastaafu walienda ziwani mara ya pili. Safari hiyo walimletea mama picha waliyoipiga alfajiri wakiwa ufukweni, upande wa Malawi, siku isiyo na ukungu. Ng'ambo ya maji ilionekana milima, myembamba, ya buluu, chini yake kuna weusi kidogo. Mama akaiweka kwenye mlango wa friji. Alikuwa akipita anaigusa kwa kidole.

"Pale. Penye kivuli. Shamba la mihogo."

Binti yangu akasogea, akasema kwa Kiingereza kwamba lile si shamba, ni wingu.

"Hilo wingu," mama akasema, "nimelilima miaka arobaini."

Sisi tulicheka. Nilipaswa kumtazama yeye badala ya picha, maana yeye hakucheka sana.

Mwezi wa tano mmoja tulisindikiza kundi kubwa, watazamaji wa ndege wa angani, kila mmoja na darubini shingoni. Walimrudisha mama kwa pamoja, kama kwaya. Tukarudi kwenye gari, nikawasha, na mama akaweka mkono juu ya wangu kabla sijagusa gia.

"Mwanangu, kila mtu amekwenda ziwani kwetu isipokuwa mwenye ziwa."

Nilijua mara moja. Hata hivyo nikaleta hoja zangu zote, moja moja: miguu yake, umeme wa kijijini, hospitali iliyo mbali, mjukuu wake, mimi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Si ulisema hapa pazuri?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Pazuri. Ndiyo maana nimekaa."

Niliumia. Nililia palepale kwenye maegesho, na mama akanipangusa kwa ncha ya kitenge, akaniambia nisiache gari linaunguruma bure, maana bosi wangu hapendi moshi.

Siku ya safari yake tulipanga kwenda wanne: yeye, mimi, mume wangu na mtoto. Bosi nilimwambia kwa sababu niliomba ruhusa. Sikujua kuwa bosi ana mdomo. Tulipoingia ukumbi wa kuondokea tuliwakuta wamesimama wamejipanga, makoti mikononi, watu ishirini au zaidi: yule daktari wa meno na mkewe, watazamaji wa ndege, bosi mwenyewe ambaye hukimbia mikusanyiko, na mbele kabisa wale walimu wawili, nywele zao sasa nyeupe kabisa. Yule mke alikuwa na kopo la plastiki. Alikuwa amejaribu kuchoma vitumbua. Vilikuwa vigumu kama mawe, na mama alikula kimoja chote mbele yake, akasema vimeiva.

"Shikamoo, mama," wakasema wote.

"Marahaba, wanangu," akasema mama, na wengine pale walikuwa wamepishana naye miaka miwili.

Mkoba wake uligombaniwa. Yule mke aliushika, mama akavuta kidogo, kwa kumbukumbu tu, kisha akauachia. Tukatembea mwendo wa kusindikiza, kundi zima, na watu wenye haraka wakatupita kulia na kushoto kama siku ile ya kwanza. Tulipofika mlango wa ukaguzi mama akageuka. Sasa alikuwa yeye ndiye msafiri, na yeye ndiye mwenye neno.

Alimwendea kila mmoja. "Inatosha, baba, rudi." "Inatosha, mama, umefika mbali." Na kila mmoja alikataa kama alivyofundishwa, kwa lafudhi zao zote za ajabu: nisogee kidogo, mama. Wakasogea kidogo. Akawaambia tena, wakarudi nyuma. Daktari wa meno akaliitikia neno lote bila kusaidiwa. Mama akamrudisha bosi, akamwambia alifikirie lile jina la ziwa. Akamrudisha mume wangu. Akamrudisha binti yangu, na binti yangu, aliyekuwa hajawahi kumjibu bibi yake kwa Kiswahili, akasema, "Nisogee kidogo, bibi," akasogea mpaka kifuani mwake.

Kisha akaja kwangu. Akanishika mikono miwili, akanitazama kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Mimi nilikuwa nimeshaandaa jibu langu. Nilikuwa nangoja tu aniambie.

"Haya," akasema.

Akachukua mkoba wake, akapita utepe. Yule askari akamshika mkono. Kitenge kikaonekana mara moja kati ya makoti meusi, halafu hakikuonekana.

Watu wakaanza kutawanyika. Mume wangu akanigusa bega, akasema twende.

"Hajaniambia nirudi," nikamwambia.

Akadhani natania. Nilisimama pale muda mrefu, na yule mwalimu mke, aliyekuwa amejua kinachoendelea, akasimama na mimi, kopo lake kwapani.

Mama alipiga simu alipofika nyumbani, safari ilikuwa ndefu na basi la mwisho lilipata pancha. Nyuma ya sauti yake nilisikia kuku na mtu anayecheka. Akanipa habari zote: nyumba iko sawa, mihogo imeliwa na nguruwe pori, ziwa lipo. Nikavumilia mpaka akamaliza.

"Mama, wote uliwarudisha. Mimi mbona hukuniambia nirudi?"

"Kwani ulirudi?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama jikoni, mbele ya friji. Picha alikuwa ameondoka nayo, na pale ilipokuwa pameng'aa kuliko mahali pengine.

"Bado," nikasema.

Kesho yake nikapanda ngazi za ofisi, nikampita kiboko, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Bosi akainua uso. Nikamwambia nataka kwenda Ziwa Nyasa. Hakubishia jina. Akavuta kalenda, akaniuliza nasafiri lini na nani atanisindikiza.

"Mimi sisafiri," nikamwambia. "Bado namsindikiza mama."